Kikokotoo kinatoa tarakimu kumi, mwalimu anataka tatu: nani yuko sahihi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Kidato cha Tatu. Tulifanya jaribio la pendulamu kutafuta mchapuko wa uvutano wa dunia, yaani g. Uzi wangu ulikuwa sm 50.0, na mibembeo 20 ilichukua sekunde 28.30. Kikokotoo kikanipa 9.858636668, nikaandika zote. Mwalimu wetu amenikata alama na kuandika pembeni 9.86. Rafiki yangu aliyeandika 9.9 naye kakatwa. Mwingine anadai jibu lolote la fizikia liwe na sehemu mbili za desimali, basi. Naomba unieleweshe: tarakimu nyingi si ndiyo usahihi zaidi? Na sifuri zipi zinahesabiwa? Kila kitabu kinasema lake.

Jibu: Marahaba. Alama umekatwa kihalali, ingawa sababu ulistahili kuelezwa. Kati ya tarakimu kumi ulizoandika, saba hazina uhusiano wowote na uzi wako wala na kigololi kilichokuwa kikibembea. Zimetoka kwenye mashine, na mashine haikuwepo wakati unapima. Wewe uliiambia 28.30, na ingekubali hata ungeiambia 28.30000.

Tuanze na hiyo 28.30, maana ndiko mzigo wote uliko. Stopuwochi inaonyesha mpaka sehemu ya mia ya sekunde, kweli, lakini anayeibonyeza ni wewe. Jicho linaona kigololi kimefika, ubongo unaamua, kidole kinashuka. Yote hayo huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde au zaidi kidogo, na hayachukui muda uleule kila mara. Unachelewa kidogo kuanza, unachelewa kidogo kusimamisha, na tofauti ya ucheleweshaji huo inabaki ndani ya kipimo chako. Kwa mtu makini, tuseme shaka ni 0.1 ya sekunde. Basi sifuri ya mwisho kwenye 28.30 ni ya saa, si yako. Kipimo chako ni 28.3, na hata hiyo 3 inatikisika.

Sasa rudia hesabu uone kutikisika huko kunafanya nini kwenye jibu. Kanuni ni 4π² mara urefu kwa mita, gawanya kwa muda wa mbembeo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. Ukiweka 28.3 unapata 9.86. Ungebonyeza mapema kidogo ukasoma 28.2, ungepata 9.93. Ungechelewa ukasoma 28.4, ungepata 9.79. Pendulamu ni ileile, dunia ni ileile, na wewe ni yuleyule. Kidole tu kimeyumba kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na desimali ya kwanza imehama kutoka 7 hadi 9. Kama desimali ya kwanza haijatulia, hiyo 8 uliyoiandika kwenye nafasi ya tisa baada ya nukta unaidai kwa ushahidi gani?

Hiyo ndiyo maana ya tarakimu muhimu: zile ambazo kipimo chako kinaweza kuzitetea, pamoja na moja ya mwisho ambayo umeikisia kwa akili. Ukipima kwa rula ya mita, mistari ni ya milimita, kwa hiyo unaandika 50.0 na si 50. Ile sifuri baada ya nukta inamwambia msomaji kwamba uliangalia milimita ukaikuta iko sifuri. Ukiandika 50 tupu, atadhani ulipima kwa shibiri.

Kwenye kuzidisha na kugawanya, jibu hubeba tarakimu muhimu nyingi kadiri ya kipimo chenye chache kuliko vyote. Urefu wako una tatu (50.0), muda wako una tatu (28.3), jibu linapata tatu: 9.86. Mwalimu wako hakufanya zaidi ya hapo.

Utauliza, na ile 20 je? Si ina tarakimu mbili tu, au hata moja? Hapana. Mibembeo umeihesabu, hukuipima. Hakuna mbembeo wa 20 na robo. Namba zinazotokana na kuhesabu vitu, na zile zilizowekwa kwa makubaliano, hazina shaka ndani yake, kwa hiyo hazibani jibu. Dakika moja ni sekunde 60 kamili. Futi moja ni mita 0.3048 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1959. Kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde, kamili bila masalia, kwa kuwa tangu 1983 mita yenyewe imefafanuliwa kutokana na namba hiyo.

π nayo haina shaka kwa asili yake, ila wewe unaweza kuiharibu. Kwa vipimo vyako hivyohivyo, ukitumia kitufe cha π unapata 9.86. Ukitumia 3.14 unapata 9.85. Ukitumia 22/7 unapata 9.87. Wanafunzi watatu wa benchi moja, data moja, majibu matatu, na kila mmoja anadhani mwenzake kakosea kupima. Bonyeza kitufe cha π. Kama huna kikokotoo, chukua 3.142.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi, na huu sijui kwa nini haufundishwi mapema: usikadirie katikati ya hesabu. Muda wa mbembeo mmoja kwako ni 28.3 gawanya kwa 20, yaani 1.415. Mwanafunzi mtiifu aliyekariri "tarakimu tatu" anaandika 1.42, kisha anaendelea na hiyo. Anapata g ya 9.79. Aliyeacha 1.415 ndani ya kikokotoo anapata 9.86. Tofauti ya 0.07 imezaliwa na kalamu, na ni kubwa sawa na kosa zima la kuchelewa kidole. Anayekadiria zaidi akaandika 1.4 anapata 10.1. Kwenye jedwali lako andika tarakimu zinazostahili, sawa, lakini kwenye kikokotoo acha namba iende nzima mpaka mwisho, au beba walau tarakimu moja au mbili za ziada, ndipo ukate kwenye jibu. Sisi tuliokuzwa na vitabu vya majedwali ya tarakimu nne hatukuwa na anasa hiyo; logi yenyewe ilikuwa inaishia kwenye tarakimu ya nne, na kila hatua ilikuwa inakula kidogo. Ninyi mnayo, itumieni.

Kichekesho ni kwamba aliyekosea akapata 9.79 yuko karibu zaidi na ukweli. Huku kwetu, jirani na ikweta na usawa wa bahari, g ni karibu 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Ile 9.81 ya vitabuni ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, na 9.80665 ni thamani sanifu iliyokubaliwa mwaka 1901 ili watu wawe na namba moja ya kurejea. Kwa hiyo mwenzako aliyekadiria vibaya kaangukia pazuri kwa bahati. Lakini 9.86 yako nayo haijakosea: ukiweka shaka yake, 9.86 jumlisha au toa 0.07, unafika 9.79, mlangoni kabisa.

Hapo ndipo namtetea kidogo rafiki yako wa 9.9. Kanuni inasema tarakimu tatu, na mwenye kusahihisha mtihani anafuata kanuni, basi. Ila ukipima kwa mizani ya shaka, jibu ambalo desimali yake ya kwanza ndiyo inayotikisika halijaonewa sana likiandikwa 9.9. Kosa lake ni dogo: katupa habari kidogo iliyokuwepo. Kosa lako ni kubwa: umetangaza habari ambayo haikuwepo. Kanuni ya tarakimu muhimu ni njia ya mkato ya kueleza shaka, na kama njia zote za mkato inapinda mahali. Namba 1.1 na namba 9.9 zote zina tarakimu mbili, lakini sehemu ya kumi ni karibu asilimia 9 ya ile ya kwanza na ni asilimia 1 tu ya ile ya pili. Ndiyo maana watafiti huandika shaka waziwazi pembeni ya namba. Ile G kubwa ya Newton, yaani namba thabiti ya uvutano kati ya vitu vyote, ambayo Henry Cavendish aliifikia kwa jaribio lake la mwaka 1798, hadi leo huandikwa 6.67430 × 10⁻¹¹ ikiwa na shaka ya 15 kwenye tarakimu mbili za mwisho. Zaidi ya miaka mia mbili ya maabara bora kabisa, na tarakimu zisizotikisika hazifiki tano. Wewe ulitaka kumi kwa uzi na kigololi.

Yule anayesema "sehemu mbili za desimali" anachanganya mambo mawili. Desimali ni nafasi baada ya nukta; tarakimu muhimu zinaanza kuhesabiwa kwenye tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, popote ilipo. Namba 0.05 ina sehemu mbili za desimali na tarakimu muhimu moja tu. Namba 123.45 ina sehemu mbilimbili zilezile lakini tarakimu muhimu tano. Desimali zina kazi yake, na kazi hiyo ni kwenye kujumlisha na kutoa. Hapo unaangalia kipimo chenye desimali chache zaidi, na jibu linaishia hapohapo. Sm 12.4 ukijumlisha na sm 0.356 unapata 12.756 kwenye kikokotoo na 12.8 kwenye karatasi, kwa sababu kipimo cha kwanza hakijui lolote kuhusu nafasi zinazofuata.

Kutoa ndiko kuna hatari, na wengi hawaioni. Chukua lile jaribio la kuunguza utepe wa magnesiamu. Kikombe cha kuunguzia na kifuniko chake gramu 21.32. Ukiweka utepe, 21.46. Baada ya kuunguza, 21.55. Vipimo vizuri, tarakimu nne kila kimoja, mizani inasoma sehemu ya mia ya gramu. Sasa toa: magnesiamu ni 0.14, oksijeni iliyoingia ni 0.09. Umeingia na tarakimu nne, umetoka na mbili kwa magnesiamu na moja tu kwa oksijeni. Ukigawanya kila moja kwa uzito wake wa atomu, yaani 24.3 na 16.0, kisha ukatafuta uwiano wa magnesiamu kwa oksijeni, ambao unatarajiwa kuwa 1 kwa 1, kikokotoo kitaonyesha 1.024 na mengine nyuma yake. Wewe andika 1. Mara nyingi nimeona wanafunzi wakijadili kwa uchungu kwa nini wamepata 1.02 na si 1.00, wakati 0.09 hiyo ingeweza kuwa 0.08 au 0.10 bila mizani kuona aibu. Dawa yake ni kuunguza utepe mrefu zaidi, ili tofauti yenyewe iwe kubwa. Kuongeza desimali kwenye daftari hakusaidii kitu.

Sifuri, sasa. Za mbele hazihesabiwi, kwa sababu zinashika nafasi tu: 0.0045 ina tarakimu mbili, na ukiiita milimita 4.5 badala ya mita 0.0045 hazibaki hata kidogo. Zilizobanwa katikati zinahesabiwa zote: 4005 ina nne. Za mwisho baada ya nukta zinahesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyekulazimisha kuziandika: 4.50 ina tatu. Hapa vitabu vyote vinakubaliana. Ugomvi uko kwenye sifuri za mwisho wa namba isiyo na nukta, kama 4500, na ugomvi huo hauna suluhisho kwa kuitazama namba peke yake. Inaweza kuwa mbili, tatu au nne. Anayejua ni aliyepima.

Mfano mzuri uko juu ya mlima wetu. Vitabu vya zamani viliandika urefu wa Kilimanjaro futi 19,340. Ile sifuri ya mwisho ilipimwa au ilikadiriwa? Kwa kuitazama huwezi kujua. Geuza kuwa mita: 19,340 mara 0.3048 ni 5,894.832, ukikadiria unapata 5,895 tunayoifahamu sote. Sasa igeuze hiyo 5,895 irudi kuwa futi: unapata 19,340.55, ukikadiria inakuwa 19,341. Na kweli kibao cha kilele cha Uhuru kinaandika mita 5,895 na futi 19,341. Mlima umerefuka kwa futi moja bila jiwe kusogea, kwa kwenda na kurudi kwenye kikokotoo. Halafu vipimo vya setilaiti vikaja: mwaka 1999 vikatoa mita 5,892, na mwaka 2008 mita 5,891. Yaani tarakimu ya nne ya mita yenyewe ina maneno, na watu wanabishania futi moja.

Kuondoa utata huo, tumia umbo sanifu. Andika 4.5 × 10³ kama unazo mbili, 4.50 × 10³ kama unazo tatu. Namba ya mbele inabeba tarakimu muhimu, kipeo cha kumi kinabeba ukubwa, na hakuna wa kukuuliza.

Ukifika kwenye taitresheni, yaani kuitia asidi kwenye alkali kidogokidogo ili kupima nguvu yake, utakutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine. Bureti, lile bomba la kioo la kumiminia asidi, ina mistari ya 0.1 ya sentimita ya ujazo, na kwa macho unakisia nusu ya nafasi, ndiyo maana usomaji huishia na 0 au 5 kwenye desimali ya pili: 24.30, 24.25. Usiandike 24.3, utakatwa, na safari hii sifuri ni yako kweli kwa sababu umeisoma. Lakini tazama kibandiko cha chupa ya asidi. Mara nyingi kimeandikwa "0.1 M", yaani moli 0.1 kwa lita. Ukiifuata kanuni kama ilivyo, tarakimu moja hiyo inazivunja zote: alkali yako ya sm³ 25.0 iliyotumia sm³ 24.30 za asidi ingekuwa na 0.1 M, si 0.0972. Kwenye mtihani wanakutegemea uichukulie kama 0.100. Mimi nawalaumu waandaaji wa maabara: kama asidi ilipimwa kwa uangalifu, kibandiko kiseme 0.100 M, kama haikupimwa hivyo, wanafunzi wasidaiwe tarakimu tatu. Na utakapofika kwenye pH, kile kipimo cha uasidi, jua kwamba zinazohesabiwa ni desimali peke yake. Mkusanyiko wa ioni za hidrojeni wa 3.2 × 10⁻⁵ una tarakimu mbili, pH yake ni 4.49, ile 4 ya mbele inataja kipeo tu.

Tahadhari moja kabla hujarudi maabara. Tarakimu muhimu hazikulindi na kipimo kilichopinda. Ukipima uzi hadi chini ya kigololi badala ya katikati yake, na kigololi kina kipenyo cha sm 2, umeongeza sm 1 nzima kwenye 50. Jibu litapanda kwa asilimia 2, karibu 0.2, na litakuwa na tarakimu tatu safi kabisa zisizo na shida yoyote machoni. Rula iliyolika ncha inafanya hivyohivyo; anzia kwenye sm 1 au 10, kisha utoe.

Ukitaka tarakimu ya tatu iwe yako kwa haki, njia ipo, na ni nyepesi. Tumia uzi wa sm 100.0 hadi katikati ya kigololi, hesabu mibembeo 50 badala ya 20, na anza kuhesabu kwa "sifuri" pale kigololi kinapopita katikati, ambako kinakwenda kasi na jicho halibabaiki. Bembeza kidogo tu, pembe isizidi digrii 10. Muda wote utakuwa sekunde 100 na kidogo. Ile sehemu ya kumi ya kidole chako sasa itahamisha g kwa 0.02 badala ya 0.07. Rudia mara tatu, chukua wastani, acha kikokotoo kibebe kila kitu mpaka mwisho, kisha andika tarakimu tatu na shaka yake pembeni. Ukipata 9.78 au 9.80, mpelekee mwalimu wako daftari.